Mikanda ya marehemu baba ina ukungu: cha kufanya kabla ya kubonyeza PLAY

Swali kutoka kwa msomaji wa Tabata, Dar es Salaam:

"Habari za kazi. Baba alifariki mwaka jana, na tulipokuwa tunapanga chumba chake tulikuta sanduku lenye mikanda kumi na minne ya video. Tisa ni ile mikubwa ya kawaida. Mitatu ni midogo, nimeambiwa huwa inaingizwa ndani ya mkanda mkubwa mtupu. Miwili ni midogo zaidi, imeandikwa 8. Kuna harusi ya wazazi ya 1991, maulidi ya nyumbani, arobaini ya babu, na mmoja aliotuma mjomba kutoka Marekani. Minne kati ya ile mikubwa ina kitu cheupe kama unga ukiichungulia kwenye kidirisha. Deki ya shangazi tumeipata na inawaka. Kaka anataka tuicheze tuone kilichomo, kisha turekodi TV kwa simu. Studio ya mtaani inasema itatuwekea yote kwenye flashi kwa siku moja. Mimi naogopa. Tufanyeje?"

Jibu:

Dada, pole kwa kuondokewa na mzee. Mwambie kaka asubiri, asiingize mkanda wowote kwenye deki kwa sasa, hata ule unaoonekana msafi. Umefanya vizuri kuogopa. Mkanda uliokaa sandukuni zaidi ya miaka thelathini huenda umebakiwa na mzunguko mmoja tu mzuri, na mzunguko huo usiutumie kwa kuangalia. Siku mtakayobonyeza PLAY kwa mara ya kwanza, kompyuta iwe tayari inarekodi. Mengine yote ninayokueleza hapa ni maandalizi ya siku hiyo.

Sababu iko ndani ya deki. Mkanda wa VHS, yaani ile mikubwa yenu, wenye upana wa milimita 12.7, hausomwi kwa kupita tu mbele ya hedi (kipande kinachosoma mkanda) kama kaseti ya redio. Deki inauvuta nje ya ganda lake na kuuzungushia ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, iliyolala kwa mshazari kidogo na kuzunguka mara 1,500 kwa dakika. Hedi za picha ni vipande vidogo sana vilivyochomoza ukingoni mwa ngoma hiyo, na wembamba wake ni wa kuvunjika kwa kuguswa vibaya. Punje ya ukungu ikinasa pale, picha inageuka chenga tupu. Punje hiyohiyo inaweza kuuchana mkanda unapopita, kisha ikabaki ndani ya deki ikisubiri mkanda unaofuata. Kwa hiyo mkanda mmoja mgonjwa unaweza kuambukiza mingine yote itakayopita kwenye deki hiyo.

Kuna kazi mnazoweza kuanza leo bila mashine yoyote. Shika mkanda mkubwa, utazame mgongoni pale pa kubandika karatasi ya jina: upande wa kushoto kuna kijisahani kidogo cha plastiki. Kivunje kwa bisibisi bapa. Kikiwa hakipo, deki haiwezi kurekodi juu ya mkanda huo hata mtu akikosea kitufe. Midogo ina kijisahani kama hicho au kitelezi. Kisogeze upande wa kuzuia. Kisha ipe yote namba, 01 hadi 14, na upige picha kwa simu kila ganda na kila karatasi, mbele na nyuma, maana mwandiko wa mzee kwenye karatasi hizo ni sehemu ya kumbukumbu. Ile minne yenye unga itie kwenye mfuko wa plastiki peke yake, mbali na mingine.

Jambo jingine la leo ni kupiga simu kwa ndugu. Mkanda wa harusi wa miaka ile mara nyingi ulitolewa kopi zaidi ya moja, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, na kila kopi ya kopi ilipoteza rangi na ukali wa picha. Mliyo nayo inaweza kuwa ya tatu wakati shangazi wa Tanga ana ya kwanza. Waulizeni kabla hamjaanza kuhangaika na yenu, hasa kama wenu wa 1991 ni mmoja wa ile minne.

Sasa huo unga. Ni ukungu, na ukungu hustawi unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65 hivi, kiwango ambacho sisi wa pwani tunakivuka sehemu kubwa ya mwaka. Usiuanike mkanda juani. Najua ndivyo tunavyofanya kwa godoro na nguo, lakini jua la Dar es Salaam linaukunja mkanda, na mkanda uliokunjika haunyooki tena. Usiutie kwenye friji, kwa sababu ukiutoa utalowa umande. Mchele nao haufai: unavuta unyevu kidogo sana na unaacha vumbi.

Kinachofaa ni kuukausha polepole. Nunua boksi la plastiki la lita 20 lenye mfuniko unaobana vizuri, silika jeli (punje zinazovuta unyevu) gramu 300 hivi, na kipimo kidogo cha unyevu cha kidijitali. Weka mikanda ikiwa imesimama, silika jeli iwe kwenye kikombe au mfuko wa kitambaa isigusane na mikanda, kipimo kiwe ndani, funga. Lengo ni asilimia 35 hadi 45, na mikanda ikae hapo wiki mbili. Kipimo kikipanda tena juu ya 50, silika jeli imeshiba; ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, kisha irudishe. Ile ya rangi ya buluu inayogeuka waridi ina kemikali yenye sumu, isikaribie vyombo vya chakula. Ya rangi ya chungwa ni salama zaidi. Ukungu uliokauka hulala na kuwa unga mwepesi unaopukutika. Ule mbichi hupakaa kama mafuta, na ukiufuta unausambaza.

Kuusafisha kufanyike kipupwe, Juni hadi Septemba, hewa ikiwa kavu kidogo. Wakati wa masika msifungue ganda kabisa. Fanyieni nje, barazani, mkiwa na barakoa ya N95 na glovu, na mwenye pumu asikaribie. Chini ya ganda kuna skrubu tano. Zikishatoka, geuza mkanda usimame sawasawa, ufungue mfuniko taratibu, na kabla ya kugusa kitu piga picha njia ambayo mkanda unapita, maana ndani kuna springi na virola vinavyoruka. Nyanyua magurudumu yote mawili kwa pamoja. Piga brashi laini pembeni mwa msokoto wa mkanda, kutoka katikati kwenda nje, kisha pitisha kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Msitumie maji wala spiriti juu ya mkanda wenyewe. Ganda la zamani msilirudishe. Chukua ganda safi la mkanda wa filamu usio na thamani na uhamishie magurudumu humo.

Baada ya hapo mkanda unatakiwa kusokotwa kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, ukiwa umeguswa kidogo na kitambaa kilichokunjwa. Hapa usitumie deki. Tumia ile mashine ya kurudishia mikanda iliyokuwa kwenye maduka ya kukodisha video, nyingine zilitengenezwa kwa umbo la gari. Bado unaweza kuikuta kwa mafundi wa vitu vya zamani. Haina hedi, kwa hiyo haidhuru kitu. Ukiona tabaka za mkanda zimegandana na zinasita kuachana, simama hapo hapo. Ukilazimisha, ule unga wa sumaku wenye picha unabanduka, na ukishabanduka hakuna fundi wa kuurudisha. Vivyo hivyo kama ukungu umeingia katikati ya msokoto na haukuishia pembeni. Mkanda wa aina hiyo urudishwe kwenye boksi kavu, usubiri mtaalamu mwenye vifaa. Ukiwa mkavu ukungu hauendelei kukua, kwa hiyo unaweza kusubiri.

Kuna pia mkanda usio na ukungu lakini unalia kama mlango wenye kutu ukipita kwenye deki. Huo gundi yake imevuta unyevu na kunata. Hutibiwa kwa joto la nyuzi 50 hadi 55 kwa saa kadhaa ndani ya oveni maalumu inayoshika joto bila kuyumba. Oveni ya jikoni hupanda na kushuka kwa nyuzi nyingi kuliko unavyodhani, msijaribu.

Tuje kwenye deki ya shangazi. Kuwaka kwake hakuoneshi kuwa ni nzima. Mikanda ya mpira ndani hulegea au huyeyuka, gia za plastiki hupasuka, grisi hukauka ikawa kama nta. Deki ya namna hiyo ndiyo inayokula mikanda: inauvuta nje, halafu inashindwa kuurudisha. Ichunguzeni kwa mkanda wa filamu ambao hamtaulilia. Uchezeni kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha uende mbele kwa kasi na kurudi. Utoeni ukiwa katikati, mfungue kifuniko cha mbele na mtazame kingo za mkanda chini ya mwanga. Zikiwa na mawimbi au mikunjo midogo kama pindo la gauni, deki iende kwa fundi kwanza. Deki mpya hazipo: Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho, aliacha kuziunda Julai 2016. Zilizopo ni za mitumba, na mkimpata fundi wa zamani Kariakoo au Ilala aliyezitengeneza wakati wake, msimwache. Katika kuchagua, chukueni yenye sauti ya Hi-Fi, na ikiwa na tundu la S-Video, linalotoa picha safi zaidi, ni bahati kubwa.

Hedi isafishwe kabla ya kila mikanda miwili au mitatu. Chomoa umeme, fungua mfuniko wa juu. Ile ngoma inayong'aa katikati ndiyo yenyewe. Lowanisha kidogo kipande cha karatasi nyeupe safi isiyotoa nyuzi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kawaida ya dukani haifai, kwa sababu ya maji na rangi iliyomo. Ikandamize karatasi kwa kidole kimoja, kwa wepesi, ubavuni mwa ngoma. Kidole hicho kitulie. Kwa mkono mwingine izungushe ngoma kwa kuishika juu, mizunguko minne au mitano. Anayesogea ni ngoma, karatasi haisogei. Usipandishe wala kushusha karatasi, hata mara moja, maana hivyo ndivyo hedi zinavyovunjika. Na vijiti vya pamba vya masikio vikae mbali na ngoma: uzi mmoja wa pamba ukinasa kwenye hedi unaing'oa. Unaweza kuvitumia kwenye hedi ya sauti iliyo upande wa kulia na kwenye kinyoosha mkanda cha chuma, basi. Subiri robo saa ikauke.

Deki na mikanda vikae chumba kimoja siku nzima kabla ya kazi. Watu wengi hapa mjini huharibu mkanda kwa kiyoyozi bila kujua: wameuweka kwenye chumba cha nyuzi 20, wakautoa sebuleni kwenye joto la Machi, na umande usioonekana ukatanda juu yake. Mkanda wenye umande unagandia ngoma na kukatika. Fanyieni kazi yote chumba kilekile, madirisha yakiwa yamefungwa.

Waya zinakwenda hivi: kutoka deki, kwenda kwenye rekoda ya DVD, kwenda kwenye kifaa cha kunasa video (kinachoingiza picha ya deki kwenye kompyuta), kisha kwenye laptopu. Rekoda ya DVD hapo hairekodi chochote, mawimbi yanapita tu ndani yake, na ndiyo inayofanya tofauti kati ya kazi nzuri na mbovu. Mawimbi ya VHS ya zamani yanayumba; mistari ya picha haifiki kwa wakati ulio sawa, na kifaa cha kunasa kikichanganyikiwa kinadondosha fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Sauti haidondoki pamoja nazo. Matokeo yake, shehe anasoma khutba ya nikahi mwanzoni sawa kabisa, na kufikia saa ya pili midomo inatangulia mbele ya maneno. Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zinajulikana duniani kote kwa kunyoosha mawimbi hayo, hata kama sehemu yake ya DVD imekufa. Mkikuta moja kwenye rundo la vitu chakavu, inunueni.

Vile vifaa vya bei nafuu vya USB vinavyouzwa kwa jina la EasyCap vina sura moja na matumbo tofauti. Kimoja kinafaa, kingine kinaharibu rangi nyeupe zote zikawa bapa, gauni la bibi harusi likakosa mikunjo. Kijaribuni kwa ule mkanda wa filamu. Kichomekwe moja kwa moja kwenye laptopu bila kigawanyio. Programu ya VirtualDub ni ya bure na inatosha. Mfumo uwekwe PAL_B, ambao ni wa TV za kwetu, ukubwa wa picha 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, sauti 48,000 kwa biti 16, na video ihifadhiwe kwa HuffYUV au Lagarith, njia zinazobana bila kupoteza chochote. Mkiona ukubwa umeandikwa 480, au picha inabiringika bila rangi, bado mko kwenye NTSC, mfumo wa Marekani. Zimeni usasishaji, antivirusi na kulala kwa kompyuta, na laptopu isifanye kazi nyingine. Pembeni kuna hesabu ya fremu zilizodondoka: tatu au tano kwa saa si neno, mamia ni ishara kwamba kuna waya, diski au mawimbi yenye hitilafu.

Hifadhi itakula gigabaiti 30 hadi 40 kwa saa moja. Mikanda yenu, nikikadiria saa 25, ni kama terabaiti moja. Hadidiski ya terabaiti 2 inatosha, lakini iwe imeundwa (format) kwa mpangilio wa NTFS. Ikiwa FAT32 faili linakatika likifika gigabaiti 4, yaani kama dakika saba tu.

Umeme nao. Deki iwe kwenye UPS (betri ya akiba), laptopu ina betri yake. Umeme ukikatika mkanda ukiwa umezungushiwa ngoma, usivute chochote kwa mkono. Ukirudi, deki nyingi hujirudisha zenyewe na kuutema mkanda.

Kabla ya kunasa, kila mkanda upelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwe mara moja kwenye ile mashine ya kurudishia, ili msokoto uliokaa miaka mingi ulegee. Kisha rekodini kuanzia sekunde ya kwanza hadi mkanda uishe wenyewe. Msisimamishe pale chenga zinapoanza, watu walizoea kurekodi kitu kingine mbele. Mistari ya vurugu chini kabisa ya picha ni ya kawaida, deki haina ubaya. Sauti ikikwaruza na kukatika, badilisha kitufe cha sauti kutoka Hi-Fi kwenda mono; mkanda una njia mbili za sauti na ile ya mono mara nyingi imesalimika. Picha ikigeuka chenga ghafla, hedi imeziba: simamisha, safisha, rudi nyuma dakika mbili, endelea kwenye faili jipya. Mkanda ukikatika, usitumie selotepu, gundi yake huvuja hadi kwenye hedi. Kuna utepe maalumu wa kuungia, hubandikwa upande wa nyuma usiogusa hedi, na hata hivyo sehemu hiyo irukwe, isipite kwenye ngoma wakati wa kucheza.

Mkanda wa mjomba ni huo wa NTSC, wenye mistari 525 badala ya 625 yetu. Deki nyingi zilizoingia nchini kutoka Dubai na Oman zina mifumo mingi, kwa hiyo ya shangazi inaweza kuusoma, lakini angalieni swichi yake. Ikiachwa itoe ule mchanganyiko unaofaa TV za PAL tu, kifaa cha kunasa kitaona picha isiyo na rangi. Iwekwe NTSC 3.58, na kwenye kompyuta muweke 720 kwa 480.

Ile mitatu inayoingia kwenye ganda kubwa ni VHS-C, mkanda uleule ndani ya ganda dogo. Adapta yake ina mota ndogo ya betri moja ya AA. Toeni betri ya zamani kwanza, huenda imevuja. Ile miwili ya 8 ni kitu kingine kabisa, upana wake ni milimita 8, na hakuna adapta ya kuiingiza kwenye deki ya VHS. Mtu akikuuzia adapta hiyo anakudanganya. Inahitaji kamera ya Video8 au Hi8. Baadhi ya kamera za Sony za Digital8 huisoma na kuitoa ikiwa tayari ya kidijitali kwa waya wa i.LINK. Ulizeni kwa ndugu kabla ya kununua, kamera hizo nyingi zimelala kabatini.

Kuhusu kurekodi TV kwa simu: hapana. TV yetu inabadilisha picha mara 50 kwa sekunde na simu nyingi hurekodi 30, hivyo kuna kumetameta kusikoondoka, pembe zimekatwa, na sauti ni ya feni ya sebuleni. Na mzunguko mmoja wa mkanda umetumika.

Studio siipingi moja kwa moja, lakini saa 25 za mikanda haziwezi kunaswa kwa siku moja na deki moja, kwa sababu mkanda wa saa tatu unanaswa kwa saa tatu. Waulizeni: picha mnanasa kwa ukubwa gani? Mtatupa faili kabla halijabanwa? Mkanda wenye ukungu mnauweka kwenye deki ipi? Wapeni mkanda msafi mmoja, ule wenye thamani ndogo, na mtazame dakika ya mwisho kama sauti na midomo vinaenda pamoja. Wakisema wataulainisha kwa akili mnemba, kataeni. Programu hizo zinabuni macho na meno pale ambapo mkanda hauna, na sura ya mzee wenu inakuwa ya mtu mwingine anayefanana naye.

Faili kubwa la mwanzo lihifadhiwe jinsi lilivyo. La kutazama na kugawia ndugu litengenezwe kutoka hilo, kwa FFmpeg, programu ya kuandikiwa amri ambayo pia ni ya bure (03 ni namba ya mkanda):

ffmpeg -i 03.avi -vf "bwdif,scale=768:576,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k 03.mp4

Usisahau yuv420p, bila hiyo faili linafunguka kwenye kompyuta na kukataa kwenye simu nyingi. Litatoka kama gigabaiti 3 au 4 kwa saa. Kwenye WhatsApp mtume vipande vifupi kama dokumenti, la sivyo picha inabanwa tena hadi sura zinafifia.

Majina ya faili yaanze na mwaka na namba ya mkanda: 1991_03_harusi-ya-wazazi. Kopi ziwe tatu: hadidiski mbili za kampuni tofauti, na faili ndogo za MP4 mtandaoni. Hadidiski moja iondoke nyumbani, iende kwa ndugu wa Morogoro au Tanga, kwa sababu mafuriko na wizi havichagui hadidiski. Wakati wa kunakili tumieni programu ya TeraCopy na muwashe kipengele cha kuhakiki, kwani faili linaweza kuharibika njiani bila ujumbe wowote wa kosa. Zichomekwe kila miezi sita zikaguliwe. Flashi ni ya kubebea tu, haifai kuhifadhia. Na mikanda yenyewe msiitupe. Irudi kwenye boksi lenye silika jeli, ikisimama, mbali na spika na sakafu.

Kabla ya kugawa chochote, zungumzeni na mama na mashangazi. Kwenye mikanda ya harusi kuna sehemu za ukumbi wa wanawake, waliojifungua vichwa na kucheza wakijua watatazamana wenyewe kwa wenyewe. Wengine wamezeeka, wengine wametangulia. Sehemu hizo zihifadhiwe, ila ziwe kwenye faili lake na kundi la familia lisizione mpaka wenyewe wakubali.

Mpangilio wangu kwenu ni huu: mkanda wa kwanza kunaswa uwe msafi na wa thamani ndogo, ili makosa ya waya na mipangilio yaishie hapo. Ukitoka vizuri, wa pili uwe harusi ya 1991, kama hauna ukungu. Ukikamilika, mpelekeeni mama na bibi kwenye TV, simu ikiwa mezani inarekodi sauti, msimamishe picha kwenye kila sura, muulize huyu ni nani na alitoka wapi. Hiyo ni kopi, mnaweza kuisimamisha mara mia bila mkanda kuumia. Andikeni majina pamoja na dakika inayoonekana kila sura, na karatasi hiyo iwekwe kwenye folda ileile yenye video.